Chupa Mbili za Polepole

Nakutegea kitendawili, na ukishindwa sitaki unipe mji, nataka unipe masikio: shule hajaenda, mizani hana, dukani hajawahi kuingia kwa mlango, lakini ukimwekea tamu ya kweli na tamu ya kuiga, hakosei. Nani huyo?

Usijibu upesi. Pita kwanza ubavuni mwa nyumba hii ya matofali yasiyopigwa lipu, uingie uani.

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili amechuchumaa mbele ya jiwe bapa. Juu ya jiwe ameweka virundo vitatu vya unga, kila kimoja kiasi cha ukucha wa dole gumba: mmoja wa rangi ya chungwa, mmoja mweupe, na mmoja wa njano iliyopauka kama ukuta wa ofisi ya zamani. Anasubiri.

Hasubiri sana. Sisimizi wanatoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mmoja mwembamba. Wanaufikia ule wa chungwa, wanauzunguka, wanaupita. Kwenye wa njano wanabaki watatu wanne. Kwenye mweupe wanajaa mpaka weupe wenyewe hauonekani.

"Huo," anasema, akinyanyuka huku ameshika magoti. "Wa chungwa ni utamu wa mdomoni tu. Ulimi unadanganyika, mguu haudanganyiki."

Jibu la kitendawili ndilo hilo, linatembea kwa miguu sita.

Wenzake barabarani wanamwita Polepole. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisafirisha mayai kwa baiskeli, kutoka mabanda ya kuku hadi sokoni mjini. Ni kilomita sitini na nane kwenda na mzigo, na nyingine kama hizo kurudi na trei tupu, mara tatu kwa wiki.

Nyuma ya baiskeli anafunga trei kumi na sita kwa mipira ya tyubu kuukuu. Katika kila trei ya mayai thelathini, faida yake ni bei ya mayai mawili. Likipasuka moja, amebaki na moja. Yakipasuka mawili, hiyo trei ameibeba kwa kujifurahisha.

Katikati ya njia kuna mlima ambao waendesha baiskeli wameubatiza Mama Mkwe, kwa sababu hakuna anayempita bila kuinamisha kichwa.

"Maji matupu yanakata kiu," Polepole anasema, "ila kwa Mama Mkwe hayafui dafu."

Ndiyo maana ya unga. Unakoroga kwenye chupa ya lita moja na nusu, unakunywa njiani, miguu inapata cha kuchoma. Lakini dukani pakiti zimepangwa kama nguo za mtumba, kila moja inajisifu. Mwaka wake wa kwanza Polepole alinunua yenye picha ya mtu mwenye misuli kama magunia ya viazi. Alipofika nusu ya mlima miguu ikawa uji, baiskeli ikalala, trei tatu zikaenda na maji.

Jioni ile alimwaga unga uliobaki uani kwa hasira. Asubuhi akaukuta palepale, hakuna mdudu aliyeugusa, na hatua mbili pembeni sisimizi wanapigania punje ya sukari iliyodondoka wakati wa chai. Akakaa akawatazama mpaka akachelewa kazini.

Tangu hapo hanunui unga ambao hajaupeleka kwa mabwana wale. Wakiupitisha, anauonja. Ukikosa ladha ya chumvi, anaongeza kidogo, kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili, maana jasho linatoka na chumvi ya mtu na misuli inabana. Hauzidishi, kwa sababu ukiwa mzito tumbo linakuwa ngoma. Na njiani hagugumii. Anakunywa mafunda mawili kabla kiu haijamwita.

Habari zikaenea. Wabeba mkaa walikuja kumwuliza, wabeba maziwa wakaja, mpaka vijana wa mashindano wenye kofia ngumu na kaptura za kubana. Mmoja alimletea kopo kubwa kama ndoo ya mtoto, limeandikwa lugha tatu. Sisimizi wakalikubali. Polepole akaonja, akamrudishia. "Sukari na chumvi," akamwambia, "ila hii imepanda ndege."

Kwa miaka kumi na mmoja hakupanda mlima ule peke yake. Alipanda na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye sasa ana miaka arobaini na mmoja. Wakati huo mwenye mabanda alikuwa ameweka sharti: hatoi mzigo kwa mtu mmoja. Anataka wawe wawili, ili mmoja akiharibikiwa njiani mwenzake ayaokoe mayai. Mmoja akiacha kazi, wameacha wote.

Kila asubuhi zilikuwa chupa mbili. Kukoroga ilikuwa kazi ya Polepole, na kupiga domo ilikuwa kazi ya shemeji. Kila waliyekutana naye alimwambia kwamba dada yake, katika wanaume wote duniani, aliolewa na mtu anayeomba ushauri kwa wadudu.

Kisha shemeji akaanza kusikia kiu. Chupa yake iliisha kabla ya Mama Mkwe, akaomba maji kwenye kila nyumba, na kila baada ya muda mfupi anashuka kwenye baiskeli kujisaidia. Polepole alimtania kwamba amemeza bomba.

Yaliyofuata Polepole anayasimulia kwa sauti ya chini, mkewe akiwa bado bombani kuchota maji.

Kuna kalavati ambapo walizoea kupumzika. Asubuhi moja walisimama pale, kila mmoja akajisaidia upande wake wa ukingo wa saruji. Saa tisa alasiri walipokuwa wanarudi, upande wa Polepole ulikuwa mkavu na safi. Upande wa shemeji ulikuwa mweusi kwa sisimizi.

"Mimi ndiye niliyewaamini miaka yote," anasema. "Ningesema nini, kwamba siku hiyo wamekosea?"

Alimwonyesha shemeji yake. Shemeji akatazama, akacheka. "Basi mimi ndiye unga bora," akasema. "Nikoroge."

Halafu kicheko kikaisha. Akakiri kwamba alikwisha kwenda zahanati bila kumwambia mtu, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, akapewa vidonge, akaambiwa aache vitamu na arudi kila mwezi. Hakurudi; vidonge vikiisha alinunua duka la dawa. Akamshika Polepole mkono pale kalavatini, akamwapisha asimwambie dada yake. Dada akijua ataificha baiskeli, na baiskeli moja ikifichwa mzigo wa wote wawili umekwenda.

Polepole akanyamaza. Lakini si kwamba hakujaribu kitu. Wiki ile alimkorogea shemeji unga wa chungwa, ule ambao sisimizi wanaupita. Safari ya tatu, nusu ya mlima, shemeji akaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, maneno yakamgongana mdomoni, akaanguka na mzigo. Alikuwa amemeza kidonge asubuhi, tumboni hamna chakula, na chupani hamna sukari.

Baada ya hapo wakapatana wenyewe kwa wenyewe, bila mganga wala muuguzi. Siku za safari shemeji hamezi kidonge, na chupa inarudi kuwa ya unga mweupe. Hakuanguka tena. Wote wawili wakaona wameupata ufumbuzi.

Pedali ya kushoto ya baiskeli ya shemeji ilikuwa imebaki chuma tupu. Ikamla unyayo kupitia soli ya ndara, naye hakusikia maumivu, kwa kuwa miguu ilikwisha kufa ganzi zamani. Siku dada yake alipoisikia harufu na kumvua soksi kwa nguvu, kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi ambaye sasa anamwona shemeji kila mwezi, hana ugomvi na unga wenyewe. "Mtu mzima wa afya anayeendesha saa sita juani, sukari na chumvi kidogo vinamsaidia," anasema. "Sisimizi wanakijua kilichomo kwenye chupa. Atakayekunywa hawamjui. Huyo anapimwa hapa, na dozi yake haipangwi barabarani."

Pale hospitali, daktari alipotoka chumba cha upasuaji, alimwambia mke wa Polepole kwamba ugonjwa ule haukuanza jana, na kwamba yeyote aliyeshinda na mgonjwa lazima aliona dalili. Daktari akaenda zake. Kwenye benchi wakabaki mke na mume.

"Baba watoto," akamwambia, "ulijua?"

Polepole akainama kufunga kamba za kiatu. Akakawia kuzifunga. Kisha akasema anakwenda kuleta maji ya kunywa.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Mkewe hajauliza tena. Hajagomba, hajarudi kwao, chakula anapika. Ila zamani yeye ndiye aliyekuwa akijaza maji kwenye chupa kabla mumewe hajaamka. Siku hizi mume anaikuta chupa mlangoni ikiwa tupu, kifuniko kimewekwa pembeni.

Ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye maneno machache. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa na mdogo wake miwili. "Nilimbeba mgongoni mpaka nikawa natembea nimeinama," anasema. "Shuleni walidhani nina kibyongo."

Mdogo huyo sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akibandua na kubandika trei zilizochanika. Jicho moja linaona ukungu. Mdomo hawajaukata. Anasema ameomba kuuziwa kiatu kimoja sokoni, muuzaji akamwambia alete na mteja wa kushoto. Anacheka peke yake, kisu cha kukatia maboksi kimelala mapajani.

Tangu mguu ukatwe Polepole amekuwa akipewa nusu ya mzigo kwa huruma, na huruma ya mwenye mabanda imefika mwisho. Mwezi huu alimwambia wazi: alete mtu wa pili, au trei wapewe wengine. Polepole alizunguka kwa wabeba mkaa na wabeba maziwa. Kila mmoja ana mzigo wake.

Jumapili mkewe aliweka sahani mezani akasema baiskeli ya mdogo wake ataiendesha yeye.

Hakuwa anatania. Kwa wiki tatu alikuwa akiizungusha baiskeli ile barabara ya nyuma, trei zikiwa zimejazwa mchanga. Alibadilisha pedali zote mbili. Alijishonea suruali ya kitambaa kizito, akaweka viraka viwili vya kukalia. Juzi alikwenda zahanati, akapimwa damu, akarudi na karatasi inayosema sukari yake iko sawa, akaibandika ukutani juu ya cherehani bila kumwambia mtu.

Mpango wao ni kuendesha wawili mpaka mvua zianze. Wakimaliza msimu bila kuanguka, shemeji apimwe mguu wa bandia. Zaidi ya hapo hawapangi.

Leo ndiyo safari yake ya kwanza. Ndiyo maana Polepole amechuchumaa pale jiweni mapema kuliko kawaida, na ndiyo maana amekoroga, akaonja, akakoroga tena. Sasa zimesimama chupa mbili ukutani, kwa mara ya kwanza tangu mguu ukatwe.

Mkewe anavuta mpira wa mwisho kwenye trei, anaujaribu kwa kidole. Polepole anamletea chupa yake. Hapokei.

"Iweke chini," anasema.

Anaiweka.

"Nilikuuliza mara moja, nikanyamaza. Nilisema huyu ni mtu mzima, atakuja mwenyewe. Leo nakwenda kupanda mlima ule na maji uliyoyakoroga wewe, na siwezi kuyatia mdomoni." Anaifuta mikono kwenye suruali. "Baba watoto, ulijua?"

Kiti cha plastiki kinalia mlangoni. "Dada," shemeji anasema, "mimi ndiye niliyemwapisha..."

"Sijakuuliza wewe. Wewe nitakuuliza jioni."

Barabarani mbeba mkaa anapita akipiga kengele. Polepole anatazama kamba za viatu vyake. Zimefungwa. Anainua uso.

"Nilijua," anasema. "Miezi kumi na minne, mama watoto. Alinisihi ninyamaze, lakini mdomo ulikuwa wangu. Na kila safari, aliyekoroga ni mimi."