Marahaba kwa Lori

Mama aliliitikia lori marahaba. Lilikuwa linarudi nyuma, limejaa mchanga, naye alisimama mbele yake akitabasamu.

Asubuhi ile alikuwa kwenye mtihani aliojitungia mwenyewe. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu. Mjomba, aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai, alimletea kifaa cha kuvaa shingoni, kidogo kama kipande cha sabuni. Kitu kikiwa mbele yake, kifaa kilitetemeka kifuani. Kitu kikisogea karibu, mtetemo ulizidi. Mama akasema akitoka nyumbani Lemara hadi kanisani bila kusikia sauti yangu, tangu siku hiyo atakuwa anakwenda peke yake. Akishindwa, atakubali kuhamia kwa dada yangu, Makumira. Mimi nimfuate hatua kumi nyuma, kimya.

Mtaani kwetu mtu hampiti mama mtu mzima hivi hivi. Husimama mbele yake, akamwamkia. Kwa wiki mbili za mazoezi, karibu kila mtetemo ulikuja na shikamoo. Jambo hilo hatukulitilia maanani. Siku ile, kifaa kikitetemeka tu, akawa anaitikia hata kabla ya kuamkiwa.

"Leo unatuwahi, mama!" wakacheka wanawake wa gengeni.

"Sasa nawaona. Mtajificha wapi?"

Mbele kulikuwa na nyumba inayojengwa, na jirani yake mashine ya kusaga iliyonguruma hadi maneno ya mtu wa karibu hayasikiki. Mama akasimama ghafla, mkono kifuani. Lori lilikuwa linamjia kinyumenyume. Nilikumbuka ahadi ya kukaa kimya, nikasita. Niliona midomo yake ikisema marahaba, halafu ikauliza kitu. Hapo nikapiga kelele, nikakimbia.

Utingo alinitangulia. Alipiga bodi kwa kiganja mara mbili, lori likasimama shubiri moja kutoka shingoni pake.

"Bibi, unaongea na lori?" akamfokea sikioni.

Mama aliligusa bati la lori. Nilimshika mkono. Tukafika kanisani.

"Umeshindwa, mama," nikamwambia.

"Kwani uliniita?"

"Nilikuita kwa nguvu zangu zote."

"Sikusikia sauti yako. Nimefaulu."

Nilimsimulia dada, na Jumapili iliyofuata akaja na gari kumchukua ahamie Makumira. Mama hakuwepo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mlango umerudishiwa tu, na kifaa hakikuwepo kwenye msumari alikozoea kukitundika. Dada aliitazama chaja iliyobaki ukutani, akabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, na hakuna kati yetu aliyejua lini mama alikichaji mara ya mwisho.