Raba Moja Juu ya Ukuta

Nilivua raba moja, nikaiweka ukingoni kabisa mwa ukuta, nikakimbilia mnarani na kupiga ukelele: "Mamaaa!" Upuuzi wangu ndio huo. Nimeutaja mapema usije ukanihurumia huko mbele.

Ukuta wenyewe unauzunguka mji mmoja wa kale huko Ureno, mlimani. Nyumba nyeupe zenye mistari ya buluu, maua madirishani, vichochoro vya mawe vinavyopanda mpaka mapaja yanakulaani. Juu ya ukuta kuna njia ya kupita, na upande wa ndani hakuna cha kushika. Hata kamba. Waliojenga waliwaogopa maadui tu.

Tulitoka Durban, mimi na mama, kumtembelea mama mdogo anayefanya kazi huko. Dada hawa wawili hawakuwa wameonana tangu nipo chekechea, kwa hiyo waliketi chini kwenye ngazi za kanisa, soga haziishi, nami nikachoka kusikiliza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa.

Sasa, mama. Kule Durban tunakaa mtaa wa Point, ghorofa ya tisa, na hajawahi kutia mguu kwenye balkoni yetu. Nguo naanika mimi. Yeye husimama sebuleni akinipa moja moja, mkono kaunyoosha kama anamlisha mamba. Kwa hiyo nilijua atakayepanda ni mama mdogo. Nikajibanza mnarani, simu tayari, nirekodi.

Akatokea mama. Kwa magoti. Baibui limezoa vumbi lote la Wareno, midomo inatembea kwa dua. Akaifikia raba, akalala kifudifudi, akatoa kichwa nje ya ukingo, akachungulia chini. Mama yangu! Anatafuta maiti yangu kwenye mapaa ya watu.

Eish. Simu ilinidondoka.

"Mama, niko huku. Nilikuwa natania."

Aligeuka. Aliikumbatia raba kifuani, akajaribu kuinuka, akarudi chini, nikaona kwamba kusimama hawezi tena.

"Umempata?" mama mdogo alipaza sauti kutoka chini. "Mzima?"

"Mzima!" nikajibu.

"Nimekuuliza wewe? Mshenzi mkubwa!"

Mama alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Mimi nilitangulia kinyumenyume, nimemshika kifundo cha mguu, nauweka kila unyayo kwenye jiwe. "Hapa, mama. Na hapa." Watalii walitupisha. Nilikuwa naomba angalau mmoja wao acheke. Hakucheka mtu.

Tulipofika chini aliketi, akauvuta mguu wangu mapajani, akanivalisha raba mwenyewe na kufunga kamba kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akasema:

"Tukirudi Durban, nguo naanika mwenyewe. Wewe kwenye ile balkoni hukanyagi tena."