Mukombero wa Mama Naswa

Lorine Amolo alikuwa fundi wa nguo sokoni Kibuye. Ukimpelekea suruali ya mtumba iliyoshonewa jitu la huko Ulaya, alikurudishia imekukaa utadhani ulizaliwa nayo. Siku za wiki zilikuwa za cherehani, Jumapili ya kanisa, na Jumamosi, jambo lililowachekesha majirani zake wote, ilikuwa ya magugu.

“Mama Terry,” walimtania, “leo mbuzi wako wamepata nini?”

Yeye huyo, akaenda zake. Alikuwa mmoja wa watu ishirini hivi waliojitolea kuandika mimea inayojiotea yenyewe, kuanzia mafunjo ya ziwani Dunga mpaka kwenye mawe ya kilima cha Riat. Malipo yao yalikuwa jua na miiba. Ukiona mmea, unaupiga picha kwa simu, unaandika jina kwa lugha yoyote unayoijua, unaandika ni mingapi na hali yake. Simu yenyewe hutia alama pale uliposimama. Kwa hiyo Mwalimu Ooko, kiongozi wao, mstaafu aliyefundisha baiolojia hadi sauti ikakwama kwenye koo, alikuwa na sheria moja: mmea unaochimbwa kwa dawa, funga alama, andika jina la kijiji tu. Aliirudia kila Jumamosi, hata wakawa wanammalizia sentensi.

Basi sheria hiyo hiyo ndiyo Lorine aliyoivunja, tena kwa sababu ya kitoto. Kulikuwa na msichana wa benki aitwaye Valarie, aliyejiunga juzi juzi tu na tayari ana aina tisini na saba. Lorine alikuwa na tisini na tisa. Mtu wa kwanza kufika mia angepigiwa makofi. Makofi tu! Na mama mzima wa miaka arobaini na sita akawa halali vizuri.

Mmea wa mia alipewa na Mama Naswa.

Mama Naswa alikuwa mjane wa Kibukusu. Mumewe alifanya kazi kwenye miwa huko Muhoroni, na alipofariki, mama huyu hakurudi Bungoma, alibaki katika nyumba yake ndogo mgongoni mwa Riat. Wanawake waliojifungua walimpandia kilima ili awape mzizi wa mukombero wa kutafuna. Lorine mwenyewe, alipomzaa mtoto wake wa pili na tumbo likakataa kutulia, alilelewa na mizizi hiyo wiki mbili. Wanaume nao waliutaka kwa mambo yao, lakini hao Mama Naswa aliwaambia waende Kondele wakanunue kwa wachuuzi, yeye hana muda wa upuuzi.

Jumamosi moja alimshika Lorine mkono akamshusha kwenye korongo nyuma ya nyumba. Pale, kati ya mawe mawili, mukombero wa mwituni ulikuwa umepanda mti, shina lake nene kama kifundo cha mkono. Mama Naswa alikuwa akiuchimba kwa miaka thelathini: mzizi mmoja, upande mmoja, kisha udongo unarudishwa na upande huo hauguswi mpaka mvua mbili zipite.

“Andika jina yake, mwanangu,” alisema. “Watu wajue iko. Lakini njia usiandike.”

“Siwezi kuiandika, Mama.”

Akapiga picha. Kwa furaha ya mia akairusha papo hapo kwenye kundi lao la simu, lenye watu sitini na kitu, maana kila mtu alikuwa amemwingiza binamu yake. Makofi yakaja, vidole gumba vikaja, Valarie akaandika “hongera aunty.” Siku ya tatu, akiwa anaitazama tena picha yake kwa raha zake, ndipo Lorine alipoona kuwa alama iko wazi. Mtu angeweza kuifuata mpaka kwenye jiwe lenyewe. Akaifuta, akajiambia hakuna aliyeona, na kwa kuwa alitaka sana kuamini, akaamini.

Wiki tatu baadaye alimkuta Mama Naswa ameketi mlangoni, mikono mapajani.

“Nenda uone,” mama alisema.

Korongoni palikuwa na shimo la kutosha kumzika mbwa. Waliochimba hawakuacha hata uzi wa mzizi. Shina lilikuwa limetupwa kando, majani yamenyauka, na ile harufu tamu ya mukombero ilikuwa bado imejaa hewani.

Lorine aliporudi mlangoni, chai ilikuwa imemiminwa.

“Ni Simiyu,” Mama Naswa alisema. “Nani mwingine alijua njia ya huko?”

Simiyu alikuwa mchuuzi wa mukombero pale Kondele, baba wa watoto wanne, Mbukusu mwenzake aliyemwita Kukhu, yaani bibi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimpandishia mitungi miwili ya maji kutoka bombani chini.

“Nimemfukuza. Nimemwambia asikanyage hapa tena. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.”

Lorine alikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Badala ya kuyatoa aliinua kikombe, akanywa chai ya yule mama, akasema, “Pole sana, Mama.” Aibu ya jambo hilo ilimfuata hadi kitandani, na hadi kanisani, ambako hakuweza kupokea sakramenti.

Wiki iliyofuata alipitia Kondele kutafuta vifungo, na Simiyu akamwona kabla hajageuza njia.

“Mama Terry, wewe unaendanga huko kwa Kukhu. Mwambie mimi si mwizi. Hii yangu natoanga Kakamega, hata mwenye gari ya kuibeba anajua.” Alisugua mzizi kwa kidole gumba. “Mimi sina uchungu ya kufukuzwa. Lakini sahi nani anambebea maji?”

Lorine hakununua vifungo. Alipanda Riat vile vile alivyokuwa, na viatu vya mjini.

Alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba: ile mia, makofi, alama, zile siku tatu, na chai aliyoinywa. Mama Naswa alisikiliza huku akichambua mboga. Lorine alipomaliza, mama alichambua majani mengine matano au sita.

“Mti ni mti,” alisema mwishowe. “Ningekusamehe hiyo kabla hujakaa. Lakini nilimtukana mtoto wa watu mbele yako. Wewe ukaniangalia tu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nenda umwambie yeye.”

Akaenda. Simiyu alimsikiliza, akacheka kidogo kwa namna isiyo ya kicheko, akasema ameelewa. Lakini hakurudi Riat. Alisema mtu akishaitwa mwizi na Kukhu wake, miguu inakuwa mizito.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Ooko alipogawa fomu, kwenye mstari wa mukombero Lorine aliandika sifuri. Palikuwa na nafasi ya kueleza sababu: moto, mifugo, ujenzi, uchimbaji. Aliandika uchimbaji, na chini yake akaandika jina lake mwenyewe. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaitia fomu ndani ya faili pamoja na nyingine.

Siku hizi, Jumamosi asubuhi, ukipita chini ya Riat utamwona fundi wa Kibuye akipanda na mtungi kichwani, anapumzika kwenye kila jiwe, anashuka tena kuchukua wa pili. Mama Naswa humfungulia mlango. Hupokea maji, huyamimina kwenye pipa, humrudishia mtungi na kumshukuru kwa adabu, kama anavyomshukuru mgeni. Kisha hufunga mlango. Akiwa nje, Lorine husikia kikombe kimoja tu kikiwekwa mezani.