Zabibu za Ukingoni

Nikisikia harufu ya iliki imechanganyika na nazi inayoanza kuungua, huwa nakasirika kabla hata sijakumbuka kwa nini. Wenzangu hunishangaa, maana kwao harufu hiyo ni sikukuu na nguo mpya. Kwangu mimi ni sufuria ya mama juu ya jiko la mkaa uani, mfuniko wake umebebeshwa makaa mekundu, nami nimechuchumaa pembeni nimekatazwa kusema, kuuliza, hata kukohoa. Mama aliamini kwamba mkate wa kumimina haupendi maneno. Ukishamiminwa sufuriani, watu wote wanyamaze mpaka utakaposimama, na anayepita apite kama mtu asiyeona kitu. Mtu akisema neno, mkate unazama katikati na hauinuki tena. Nilikuwa darasa la tatu, na sijawahi kunyamaza kwa bidii kama nilivyonyamaza mwaka ule.

Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye bomba moja la wote. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuhura, mjane aliyezaliwa mjini hapo hapo, mwanamke wa khanga mbili safi na maneno ya taratibu, aliyekuwa akikaa chumba cha mbele. Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Fausta, mpangaji mwenzetu aliyetoka Songea. Mumewe na baba yangu walibeba mizigo pamoja bandarini. Wao walikuwa Wakristo na sisi Waislamu, basi Krismasi sahani ilitoka kwao kuja kwetu, na Idi ilitoka kwetu kwenda kwao, imefunikwa kawa la ukindu. Sahani iliyokuja na kitu ilikuwa ni aibu kuirudisha tupu. Hata mtu awe hana kitu, angetafuta ndimu, au konzi ya karanga, mradi sahani isirudi inang'aa.

Sasa fikiria desturi hiyo katika miaka ile ya foleni. Sukari ilikuwa haionekani. Ikisikika kwamba gari la duka la ushirika limepita, watoto tulirushwa barabarani hata kabla ya kunawa uso, tukaweke mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na jiwe lililala kwenye mstari badala ya mtu. Jiwe letu lilikuwa kipande cha tofali chenye chokaa upande mmoja. Nililijua kuliko nilivyowajua baadhi ya binamu zangu. Nilikaa nalo juani, nikalitetea kwa majirani waliolisogeza kwa mguu huku wakitazama juu kama wanatafuta ndege, na mara nyingi tulirudi nyumbani mimi na tofali langu, mikono mitupu. Redioni tulihimizwa tujifunge mikanda. Sisi tulikuwa tumeshajifunga mpaka tundu la mwisho.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia kipupwe, wakati jioni za Dar es Salaam zinapopoa kidogo na watu wanatamani kitu cha moto na kitamu. Kabla mwezi haujaandama nilibahatika kupata sukari, mfuko mdogo wa karatasi, nikaubeba kifuani kama mtoto mchanga. Mama aliupokea, akaufunga katika kitambaa, akauweka ndani ya sanduku la nguo. Akaniambia maneno ambayo niliyashika kuliko sura nilizohifadhi madrasa.

"Sukari hii haiguswi mpaka sikukuu. Nitapika mkate, na ukingo wake ni wako, Sada. Utaula mwenyewe."

Asiyeujua mkate wa kumimina hawezi kuelewa niliahidiwa nini. Katikati ni laini, ni patamu, ni pazuri. Lakini ukingoni, pale unapogusana na ukuta wa sufuria, tui la nazi na sukari hukauka pamoja na kuwa rangi ya kahawia, na ukiuma panalia. Kwa ajili ya ukingo huo nilikunywa uji usio na sukari mwezi mzima. Uji wa mchele wenye pilipili manga ukiwa na sukari ni futari. Usipokuwa na sukari ni adhabu ya shule. Kila jioni nilitazama sanduku, kisha nikatazama bakuli, kisha nikatazama sanduku tena, na mama akajifanya haoni.

Siku moja kabla ya Idi, mama aliutoa mchele ambao shangazi alituletea kutoka Rufiji, aliokuwa ameuloweka tangu jana yake. Aliutwanga katika kinu cha Bi Zuhura, akauchekecha, akaukoroga kwa tui zito, hamira na iliki alizokuwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Akauacha juani mpaka ukafura na kutoa mapovu, ndipo akatia sukari yangu. Naiita yangu mpaka leo. Muuza viungo sokoni alikuwa amempa nyongeza ya zabibu kavu, chache tu za kuhesabika. Uso wa mkate ulipoanza kushika, mama aliinua mfuniko, akazipanga zote upande mmoja, ukingoni. Alinitazama, akanielekezea kwa kidevu, maana kusema hakukuruhusiwa. Nilielewa. Upande ule ulikuwa wangu, na ulikuwa umetiwa alama.

Ilikuwa imebaki kidogo tu. Ndipo Bi Zuhura akatoka ukumbini na ndoo yake ya maji, akasimama katikati ya uani, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba ama kweli mwaka huu Mama Sada anatupikia. Mama alifumba macho. Hakumjibu neno, na Bi Zuhura alipogundua alichofanya akaziba mdomo kwa khanga, akarudi ndani bila kuchota maji. Mfuniko ulipofunuliwa, mkate ulikuwa umezama katikati kama kitanda kilichokatika kamba. Leo mtu ataniambia ni hamira, au ni makaa yalikuwa machache juu. Huenda ni kweli. Mimi niliutazama mlango wa Bi Zuhura kwa chuki ambayo mtoto aliyefunga hakutakiwa kuwa nayo.

Asubuhi ya Idi, baba alikwenda kuswali na mama akashika kisu. Nilikaa karibu naye, nimevaa gauni langu la mwaka jana lililoshushwa pindo. Akakata ukingo wote, akaacha katikati. Nikadhani ananikusanyia. Akatoa sahani. Akaweka vipande kwenye ya Mama Fausta, kisha kwenye ya nyumba ya pili, na kipande changu, chenye zabibu zote, akakiweka katikati ya sahani ya maua ya Bi Zuhura. Nikamwambia kwamba uliniahidi. Mama akajibu bila kuniangalia kwamba hawezi kumpelekea mtu kitu kilichozama. Kilichozama tutakula sisi. Basi nikaubeba ukingo wangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaupeleka kwa mwanamke aliyeuzamisha mkate, nikampa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikabarikiwa. Sahani aliirudisha ikiwa na ndimu mbili.

Nilikula katikati. Ilikuwa mbichi kidogo na inanata kwenye meno. Nilinuna hadi mama akaniambia kwamba sura ile nikiipeleka nje wageni watadhani tumefiwa.

Karibu na adhuhuri, Fausta alivuka ukumbi akiwa ameshika sahani yetu imefunikwa kawa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni kwake, anajifuta mikono ambayo haikuwa na maji, anatutazama. Fausta akasema mama yake amesema tupokee hicho kidogo. Nikafunua kawa. Zabibu zangu zilikuwa zinanitazama, zote, upande ule ule, juu ya ukingo ule ule wa kahawia. Bi Zuhura hakuwa na cha kumpa Mama Fausta, akampa kile. Mama Fausta hakuwa na cha kurudisha kwenye sahani yetu, naye akarudisha kile. Katika nyumba ile nzima ulipikwa mkate mmoja tu, na ulikuwa ukizunguka vyumbani siku ya Idi kama mgeni anayesalimia watu.

Nilifungua mdomo. Mama alinifinya kwenye mkono, juu ya kiwiko, pale penye uchungu. Akapaza sauti kuelekea mlango wa pili kwamba Mama Fausta amejisumbua mno, na mkate umependeza. Mama Fausta akacheka kidogo, mabega yake yakashuka, akaingia ndani. Mlango ulipofungwa nikanong'ona kwamba hizi ni zabibu zetu, huu ni ukingo wangu.

"Huu ni mkate wa Mama Fausta," mama akasema. "Umesikia? Ungetaka arudishe nini?"

Nikadhani angalau sasa nitaula. Wapi. Baba aliingia wakati huo huo, akaketi mkekani, akauona, akauliza umetoka wapi. Akaambiwa. Akaumega, akaula taratibu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba Mama Fausta amejifunza mapishi ya pwani mpaka amempita mwalimu wake, maana wa kwetu mwaka huu umezama. Mama alikuwa anamimina chai. Hakutikisika.

"Kweli," akasema. "Ana mkono."

Baba akanimegea pembe moja yenye zabibu, akaniambia nionje, kisha niende nikamshukuru Mama Fausta. Nikala ukingo wangu kama zawadi ya watu. Ulikuwa mtamu, na utamu wake ulizidi kuniudhi. Nikavuka ukumbi, nikasema asante kwa mkate. Mama Fausta aliinama, akanishika shavu. Niliondoka nimekunja ngumi.

Nyumba ile imekwishavunjwa. Pamesimama ghorofa la maduka, na pale palipokuwa bomba letu panauzwa vifuniko vya simu. Mimi nakaa ghorofa ya nne, mtaa wa jirani, jikoni kwangu kuna oveni ya gesi, na sukari inakaa kwenye ndoo ya plastiki, sijui hata imebaki kiasi gani. Nikipika mkate wa kumimina redio inaongea, simu inaongea, na mkate unainuka vizuri tu. Ukingo wote naula mwenyewe nikitaka. Nilidhani siku nitakapofikia hapo hasira itaisha.

Idi iliyopita nilimpelekea jirani wa mlango wa pili, binti mmoja mwenye adabu, anafanya kazi benki. Nilimchagulia ukingo, nikauwekea zabibu. Alishukuru sana. Jioni nilikuta sahani yangu imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, ndani ya mfuko, imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Nilisimama pale koridoni nimeishika, nimekasirika kama mtoto wa darasa la tatu, nikaingiza mkono ndani ya mfuko ule nikapapasa mpaka chini. Ningeshukuru hata kama angenirudishia kile kile kipande changu.