Mke wa Kwenye Kadi

Wagonjwa wa ile zahanati ya meno walimjua daktari, wakamjua na dada wa mapokezi, lakini aliyewatengenezea meno yenyewe hawakuwahi kumtia machoni. Alikaa chumba cha nyuma, kati ya magunia ya plasta na jiko dogo la gesi, akipanga meno ya bandia kwenye nta yenye rangi ya ufizi. Wenzake walimwita Bwana Meno, na jina likamganda hadi mtaani, ingawa meno yake mwenyewe yalikuwa yamekaa shaghalabaghala.

Kazi hiyo ndiyo iliyomtia ugonjwa wa kukusanya kadi. Siku moja alikuwa akitafuta picha za watu wa zamani wanaocheka, apate mfano wa kumtengenezea bibi mmoja aliyetaka meno kama ya ujana wake. Kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu akakuta rundo la kadi za posta za kampeni. Enzi zile, kabla ya simu za mkononi, wagombea walikuwa wakizigawa bure: upande mmoja picha ya mgombea na alama yake, taa au mwavuli au ufunguo, na upande wa pili nafasi ya anwani, ili mtu akimwandikia shemeji yake salamu ampelekee na mgombea humohumo. Bwana Meno alinunua tano, kisha kumi, kisha akakosa breki.

Hakuzipanga kwa vyama wala kwa miaka. Alizipanga kwa vicheko: waliocheka kwa meno, waliocheka kwa midomo tu, na waliokataa katakata.

"Wenzangu waume zao wanawaletea wanawake wa nje," mkewe alikuwa akiwaambia majirani. "Wangu ananiletea wanasiasa. Hata sijui nishukuru au nilie."

Jumamosi moja muuza vitabu alimwekea bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ambayo Bwana Meno hajapata kuiona. Mgombea kijana wa suti amesimama, alama yake ngazi, mkono ameuweka begani kwa mwanamke aliyeketi na kumpakata mtoto wa kike. Chini yake pamechapwa: *Mtu wa familia kwa ajili ya familia zote. Pichani na mkewe na binti yao.*

Kama kawaida yake, alianza na meno. Mgombea alikuwa na meno ya kawaida. Mwanamke alikuwa na mwanya, na kando ya mwanya jino moja la juu limejitokeza mbele kidogo, kama mtu anayechungulia kuona foleni imefika wapi. Bwana Meno akainua kadi karibu na pua. Jino lile alikuwa amelitazama mezani maisha yake yote. Lilikuwa la mama yake.

Baba yake, marehemu, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Hakuwahi kuvaa suti, na wala hakuwahi kugombea chochote isipokuwa rimoti.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanda cha magodoro. Alimkuta anaanua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka? Wamekufukuza kazi?"

Akampa kadi. Mama akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Huyu bwana simjui."

"Na huyo mwanamke?"

"Amependeza. Naye simjui."

"Mama, hilo jino."

"Wenye jino kama hili ni wengi mno. Nishikie huo mwisho wa shuka."

Wakakunja shuka. Bwana Meno akaondoka akiwa hajui kama amedanganywa au ameanza kuwehuka kwa kutazama meno mengi.

Jioni alimwendea dada yake, mkuu wa jikoni katika shule ya bweni. Dada alifuta mikono, akaitupia macho kadi, akapiga kelele hadi wapishi wakageuka.

"Lile gauni langu! Mimi huyo!"

"Una uhakika?"

"Sasa nijisahau mimi? Na huyu ndiye mzee wa keki. Tulikuwa tunakwenda kwake, nyumba ina ngazi za kijani, kuna mbwa, tunakula keki."

"Mara moja?"

"Mara kadhaa. Baba akiwa safarini." Akamtazama mdogo wake. "Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomharibia usingizi. Uchaguzi wenyewe ulifanyika mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Alisimama mbele ya kioo na ile kadi, akalinganisha taya na taya, sikio na sikio. Mara akaona wanafanana, mara akaona hawafanani hata kidogo. Kazini akampangia mgonjwa meno ya chini mahali pa meno ya juu, daktari akamuuliza kama anaumwa.

Siku iliyofuata alirudi kwa mama yake, safari hii akiwa na dada. Mama alipowaona wote wawili mlangoni alijua hakuna pa kukimbilia.

"Ingieni. Na wewe usinitazame hivyo. Wewe ni wa baba yako hata kwa ubishi. Hayo meno yaliyopandana ungeyatoa kwa nani mwingine?"

Bwana Meno akashusha pumzi, akakaa.

Mama akaeleza. Wakati ule alifanya kazi kwenye studio ya picha. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi makoti waliyoazimwa wateja na kuwachana nywele. Yule mgombea alikuja kupiga picha ya kampeni, na watu wake wakamwambia hakuna atakayempigia kura kapera. Mpiga picha akatazama huku na huku, akamwona yeye na mtoto wake. "Kaa hapo kidogo, dada," akamwambia. Mama alidhani wanapima taa. Siku alipoziona kadi zimetapakaa mjini, alikwishakuwa mke wa mheshimiwa mtarajiwa. Watu wakampisha kwenye foleni. Wanawake asiowajua wakamweleza shida ya maji. Kisha watu wa kampeni wakamwomba atokee na mgombea kwenye mikutano, na ale na wageni wake nyumbani. Akakubali.

"Kwa nini ulikubali?" dada akauliza.

"Nimejiuliza sana, mwanangu. Bado sijui. Alikuwa mtu wa adabu. Hakunigusa zaidi ya hapo begani."

"Na baba je?"

"Baba yenu alipewa ile kadi kwenye mzani wa malori, huko mbali. Akarudi nayo. Akaiweka mezani, akala, akalala. Asubuhi akaniambia, 'Ulipendeza.' Basi. Mpaka anaingia kaburini hatukulizungumza tena. Nami mpaka leo sijui alikuwa amekasirika au alikuwa ananisifu."

Mgombea alishindwa vibaya, akaachana na siasa, na mama akarudi kwenye pasi yake. Watoto walidhani hadithi imeishia hapo, lakini mama aliishika ile kadi, akaitazama sana, kisha akasema, "Nasikia bado yu hai. Nipelekeni."

Dada alikuwa zamu, kwa hiyo Bwana Meno alimpeleka peke yake. Nyumba ilikuwa ileile. Ngazi zilikuwa zimepakwa nyeupe, ila pale palipobanduka kijani kilichungulia. Mpwa wa mzee, mwanamke wa makamo, alifungua mlango, akamwona mama, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni wewe! Wewe ndiye wa kwenye picha. Karibuni. Lakini nawaambia mapema, mjomba kumbukumbu imemtoka. Hakuoa. Siku hizi anasema alioa."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Ile kadi, iliyotiwa fremu, ilikuwa kando ya dawa zake. Alimtazama mama, wala hakushtuka.

"Umechelewa," alisema. "Chakula kimepoa."

Bwana Meno akaona heri aliweke jambo sawa. "Shikamoo, mzee. Samahani, huyu ni mama yangu, na kusema kweli ninyi wawili ham..."

Mama akamkanyaga mguu.

"Barabarani kulikuwa na foleni," mama akajibu, akavuta kiti.

"Na binti yetu?"

"Yuko shuleni."

"Vizuri. Asome."

Wakakaa. Mzee alilalamika kuhusu mvua, mama akamuunga mkono. Mpwa alileta chai, akasimama mlangoni akilengwalengwa na machozi. Bwana Meno alibaki na kikombe mkononi, hajui kama amekuja kama mtoto, kama mgeni au kama shahidi.

Njiani alimgeukia mama yake. "Mama, umemdanganya mgonjwa."

"Nimedanganya nini? Foleni haikuwepo? Dada yako hayuko shuleni?"

Tangu hapo mama akawa anakwenda kule mwenyewe, amevaa viatu vyake vya kutokea. Bwana Meno alipomuuliza anakwenda kama nani, alisema, "Kama mtu aliyeulizwa mbona amechelewa." Mkewe alicheka, yeye hakujua acheke au amkataze. Alihisi kwamba anamkosea marehemu baba yake, kisha akakumbuka lile neno, *ulipendeza*, akazidi kupotea.

Mzee alifariki baada ya mvua za mwaka ule kukatika. Msibani palikuwa na watu wachache, wengi wazee waliowahi kuning'inia kwenye magari ya kampeni yake. Mpwa alimpokea mama, akamshika mkono mpaka mbele, kwenye kiti kilichoachwa wazi karibu na jeneza. Mama akasimama mbele ya kile kiti. Aligeuka akamtafuta mwanawe kwa macho, kama anayeomba ruhusa au anayeomba kuokolewa. Bwana Meno akafungua mikono tu, kwamba hata mimi sijui. Mama akakaa.

Watu wakaanza kupita kutoa mkono wa pole. Mzee mmoja mwenye fimbo alimaliza kwa mama, akamfuata Bwana Meno, akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole, kijana. Jikaze. Kumzika baba si mchezo."

"Asante, mzee," Bwana Meno akasikia mdomo wake ukijibu.

Kando yake dada alikuwa amejiinamia, analia kwa kwikwi, leso imelowa.

"We dada," akamnong'oneza, "unamlilia nani?"

"Sijui," dada akasema. "Niache kwanza nilie, tutajua baadaye."