Upepo Nilioufuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipasua puto. Nilijaza gesi kupita kiasi, likapasuka mbele ya Mkuu wa Kituo, naye akaniambia nimeanza kula mali ya serikali kabla sijapokea mshahara.

Ilikuwa miaka ya sabini, amani imepatikana kusini mwa Sudan, na sisi tuliokimbilia Uganda tulikuwa tumerudi Juba. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha bati karibu na bandari ya mto. Ninyi vijana mnabonyeza simu. Sisi tuliachia puto la haidrojeni asubuhi, tukalifuata kwa theodolaiti, yaani darubini inayosoma pembe, dakika baada ya dakika hadi shingo ikakakamaa. Kwa pembe hizo tulijua upepo wa juu unatoka wapi na una kasi gani.

Wakati wa kiangazi upepo ulikuwa mmoja: wa kaskazini-mashariki, mkavu, unaovuma kuelekea ikweta wiki nenda wiki rudi. Vitabu viliuita upepo wa biashara. Kutobadilika kwake ndiko kulikotuharibu.

Mitungi ya gesi ililetwa na majahazi ya mto, na mwaka mmoja haikuja. Nikaacha safu za daftari wazi. Mkuu akaniita.

"Hii nini?"

"Mkubwa, puto haikupanda. Gesi iko hakuna."

"Na upepo ilienda wapi? Ilienda likizo? Hii upepo iko moja tu mpaka mvua. Andika, khalas!"

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga mtaani Juba Na Bari, na kazi za serikali hazikuokotwa njiani. Nikaandika. Mwanzoni nilinakili ya jana. Baadaye nikawa fundi: nyuzi tano huku, kasi kidogo kule, ili uongo upumue. Aibu yangu ni kwamba niliufurahia ustadi huo.

Gesi ilipofika, niliachia puto la kweli. Likapanda vizuri, halafu juu likageuka na kukimbilia kaskazini. Upepo wa kusini, katikati ya kiangazi! Nilisoma pembe mara mbili. Kisha nikatazama daftari: siku arobaini za kaskazini-mashariki, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikajiambia theodolaiti imekaa vibaya. Nikafuta, nikaandika kama jana. Safari hii hakuna aliyeniamuru.

Mchana akaja Mzee Wani, msimamizi wa bandari, mwenzetu wa uhamishoni. Gatini alikuwa na magunia ya mbegu za mtama za watu waliorudi, na turubai moja tu, ambalo karani wa meli alitaka kuliazima.

"Bwana Upepo, leo namna gani? Mimi nawapa turubai?"

"Wape, Mzee. Iko kavu tu."

Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa nzima. Upepo ule wa kusini ndio ulioileta. Mbegu zikavimba, zikaota ndani ya magunia, na wenyewe wakaja kusimama gatini wakizitazama. Mzee Wani akafukuzwa kazi kwa uzembe. Wakubwa wake walipomhoji, alijibu kuwa alikuwa ameuliza kituo. Mkuu akawaonyesha daftari langu, safi kabisa, halina hata dalili ya mvua: kituo kimepima kila siku, kosa ni la aliyetoa turubai.

Mkuu alipandishwa cheo. Mimi nilisifiwa kwa usahihi, nikahamishiwa Malakal, nikarudi, nikapima upepo hadi kustaafu. Wakubwa wote niliowatumikia walilipenda daftari lile. Waliwaonyesha waajiriwa wapya jinsi kazi inavyofanywa.

Mnaniuliza mpate funzo gani. Nina uchungu tu. Mzee Wani aliishia kulima bustani kando ya mto, mgongo umepinda. Kila Jumapili tulipeana mikono kanisani, naye ndiye aliyekuwa akinifariji mimi: "Wewe usijali, ndugu yangu. Upepo ilidanganya sisi wote wawili." Alikufa akiamini hivyo, nami ndiye niliyesoma wasifu wake kaburini.