Akaunti ya Kuka Ilidai Fimbo Yake

Si uongo, bana. Nimewahi kumdanganya mwalimu wa zamu hadi akanipa pole, lakini hili lilinipata mimi, tena saa tisa mchana, jua likiwaka Kitale nzima.

Kuka, babu yetu, tulimzika kijijini Matulo siku ya Alhamisi. Fimbo yake nyeusi haikufaa kuguswa hadi siku ya kufunga matanga, wafiwa wanyolewe nywele, wazee waseme nani atairithi. Mimi nikaiiba. Kwa nini? Picha tu!

Mimi na binamu yangu Nafula wa Bungoma tuko kwenye mtandao wa kijamii usiomilikiwa na tajiri mmoja. Kila mtu ana seva yake, yangu ni kompyuta kuukuu chumbani, na zote zimeunganishwa kama maboma yenye vijia. Nikiandika Kitale, nakala inafika kwa Nafula, na kwa jamaa mmoja wa Kimilili. Basi Jumamosi nikafungua akaunti ya Kuka, nikaweka picha ya fimbo na maneno: "Nani ana fimbo yangu?" Jamaa wa Kimilili akacheka mistari mitatu.

Nafula akanipigia simu. "We mjinga, futa! Hata hatujanyoa!"

"Si ni mchezo tu, dada?"

Hapo akaunti ikaandika yenyewe: "Nafula, ni wewe?" Sikugusa kitu. Ningegusaje, na mikono yote ilikuwa na andazi?

Kwenye simu nikasikia paa! Mfupa wa Nafula huo. "Kuka, si mimi! Si mimi!" Paa! Nikafuta akaunti. Kwangu ikapotea, kwa Nafula nakala ilibaki, na kipigo kikaendelea. Ungefanya nini? Ningenyamaza, angekufa yeye. Nikaandika kwa jina langu: "Kuka, fimbo ninayo mimi, Kitale. Mwache."

Kipigo kikakoma. Halafu fimbo iliyoegemea ukuta ikasimama wima.

Meno mawili niliyaokota chini ya kitanda. Mkono wa kulia ulivunjika, hii naandika kwa wa kushoto. Nafula ana plasta hadi begani. Fimbo iliporudi Matulo wazee nao wakanichapa, ati marehemu hakumaliza!

Jana jamaa wa Kimilili aliniandikia: "Kuna mzee ananiuliza nani alicheka. Nimjibu?" Nimempigia simu tangu asubuhi. Hashiki.

Kwa hivyo usimfungulie marehemu akaunti. Na kama ile picha ilikufikia, ifute kwako sasa hivi. Mimi siwezi kukufutia.